Jina Alilotoka Nalo Jandoni

Mimi ni karani wa ghala la korosho. Tangu stakabadhi ghalani ianze huku Mtwara mwaka 2007 nimekuwa mtu wa karatasi, na mzigo usio na stakabadhi kwangu haupo. Babu yangu mzaa mama nilimtafuta kwa akili hiyohiyo. Miaka sita sikumpata.

Aliondoka mwaka 1957, mama akiwa bado ananyonya, akaenda Tanga kukata mkonge, asirudi. Bibi, kwa heshima, hakumtaja mumewe kwa jina hata siku moja, mpaka akafariki. Jina nililokuwa nalo nilipewa na mzee mmoja aliyecheza naye utotoni.

Zama zile vijana wa kusini walikwenda huko makundi kwa makundi. Mkonge ulioletwa Pangani na Richard Hindorf mwaka 1893, ikasalimika miche 62 tu, ulikuwa umeshakuwa zao kubwa la Tanganyika, na wenye mashamba walikuwa na chombo chao cha kuandikisha vibarua, SILABU, tangu mwaka 1944. Ukiandikishwa ulipewa namba. Ndiyo maana wakaitwa manamba. Nilikwenda hadi Upanga, Dar es Salaam, kwenye Kumbukumbu za Taifa. Majalada niliyosoma yalihesabu watu, hayakuwataja. Nikarudi nikamwambia mama kwamba baba yake amepotea, basi. Nilimwambia kama ninayefunga hesabu za msimu. Sauti ile bado inaniuma.

Mama akasema, kama alivyokwisha kusema mara nyingi, "Nenda Ziwani kwa shangazi yangu." Sikuwahi kwenda. Bibi asiyejua kusoma atanipa nini? Nami ni Mmakonde, najua kwamba litawa, yaani ukoo wetu, hufuata mama! Mama yangu ni wa litawa la mama yake. Babu alikuwa wa litawa jingine, na mambo yake yote yalirudi kwa dada yake. Miaka sita nilikuwa nabisha hodi nyumba isiyo yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekawia."

Alifungua kopo la zamani la maziwa ya unga, akatoa kitambaa cha kaniki kilichokunjwa mara nne. Ndani mlikuwa na kipande, kadi ya kazi ya manamba, rangi ya chai, kona moja imeliwa na mende. Vyumba 30, kimoja kwa siku moja ya kazi. Vikijaa ndipo mtu alipolipwa. Vya babu vilitiwa alama ya kalamu ya zambarau hadi cha 19. Kumi na kimoja vitupu. Mwenzake aliyemaliza mkataba ndiye aliyekileta nyumbani.

Nikamtajia bibi jina nililokuwa nalitafuta. Akanitazama kwa huruma.

"Hilo la utotoni. Alilivua likumbi, kule jandoni. Mtu mzima ukimwita hilo umemtukana."

Juu ya kipande, kando ya namba, kulikuwa na jina jingine kabisa, la jando. Bibi hakulisoma, alilitamka kabla sijalisoma mimi. Nililia pale mkekani, mbele ya watoto waliokuja kuangalia mgeni.

Siku hizi kila Ijumaa baada ya swala nakaa na mzee mmoja, nikiwa na daftari. Swali langu la kwanza kuhusu aliyepotea si jina lake. Nauliza: mama yake alikuwa nani, na dada zake wako wapi?

Makambi ya mkonge ya Muheza yana Wamakonde hadi leo. Kwa jina la jando iliwachukua watu wa huko wiki tatu tu kumtambua babu. Aliugua mguu, akakosa ujira, akaona haya kurudi kwao mikono mitupu, akaoa hukohuko. Amezikwa huko. Nikapewa namba ya simu ya binti yake.

Nilipompigia nilimwomba kwanza anitajie jina lake. Akalitaja. Nikatazama daftari langu, pale bibi wa Ziwani aliponihesabia mama na nyanya zake, na jina lilelile lilikuwa mstari wa juu.

"Ni la mama yake baba," akasema. "Alisema kwao ni Ziwani. Wewe ni nani?"

"Shikamoo, mama mdogo," nikamwambia.