Saa Mbili za Lindo

Vijana wa nyumbani hutuuliza mara nyingi: Je, askari akeshaye lindoni hufanya nini usiku kucha? Siku zote tuliwajibu kwa mzaha. Safari hii tumeona vema tuwajibu kwa kweli, ingawa jibu lenyewe halitupi sifa.

Mwaka 2012 tulikuwa katika kikosi kimoja pande za Kipawa, jirani na uwanja wa ndege. Zamu ilikuwa saa mbili lindoni na saa nne za kupumzika. Wenyeji hawakuwa wamesahau usiku wa tarehe 16 Februari 2011, mabomu yalipolipuka katika ghala za jeshi Gongo la Mboto, mbele kidogo ya barabara ile ile, watu zaidi ya 20 wakafa na maelfu wakakimbia gizani na watoto wao. Kwa hiyo mama muuza maandazi alipotuuliza jioni, "Leo kwema, afande?" haikuwa salamu tu.

Nasi tulimjibu "Kwema, mama," na senema i mfukoni. Maana asiyepata kukesha lindoni hajui urefu wa saa mbili. Ikifika saa nane ya usiku ndege hupungua, barabara hunyamaza, na mtu hubaki na mbu na usingizi. Mwenzetu mmoja alituonyesha dawa: kijana wa kibandani alitutilia filamu katika simu, zote zimeelezwa kwa Kiswahili, nyingine kwa sauti ya Lufufu, yaani Derek Mukandala, ambaye humchekesha mtu kabla hajaitazama picha. Tukatia waya sikio moja, jingine tukaliacha wazi, tukajiambia kuwa sikio moja latosha.

Usiku mmoja Lufufu alikuwa akimsemea jambazi wa Kichina. Kamanda wa gadi alipopita kukagua, alimkuta mwenzetu wa lindo la pili chini, hatua kama 60 kutoka tulipokuwa, ametapika wala hawezi kusema. Malaria ilimlaza siku tisa. Hakufa, alhamdulillahi. Tulipokwenda kumtazama hakutulaumu. Alisema tu: "Ndugu yangu, nilikuita mara tatu. Nikadhani nawe umeanguka."

Adhabu tuliyopewa tumekwisha kuisahau. Maneno hayo bado tunayo.

Njiani kurudi tulikumbuka kisa tulichosomeshwa chuoni utotoni. Katika safari ya Dhatur-Riqaa, Mtume s.a.w. aliwaweka Ammar bin Yasir na Abbad bin Bishr kulinda mlango wa bonde. Ammar akalala, Abbad akasimama kusali. Adui akamchoma mshale, na wa pili, na wa tatu, naye hakuikata sala upesi. Mwisho akairukuu, akasujudu, akamwamsha mwenzake. Alieleza kwamba hakupenda kuikata sura aliyokuwa akiisoma, na lau si kuchelea kuupoteza mlango aliokabidhiwa, angalikufa kabla ya kuikata. Hata sala, basi, ilifupishwa kwa ajili ya lindo. Nasi tulikuwa na jambazi wa Kichina!

Baada ya miaka kadha mpwa wetu alimaliza kidato cha sita, akaitwa JKT. Alituomba kwa siri simu ndogo ya kufichika, "ya kupitishia usiku, mjomba." Tulimtilia tochi mkobani. Alinuna mpaka stendi.