Makufuli Matatu

Basi la Tunduma linalotoka Dar es Salaam hupita Morogoro, Iringa na Mbeya kabla ya kufika Vwawa, karibu kilomita 900 kutoka baharini. Vwawa ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Songwe, mkoa mchanga uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Madereva wa malori ya Zambia na Kongo hawana haja nayo sana. Mawazo yao yako Tunduma, kwenye foleni ya mpaka. Hasamba ni kata ya Wilaya ya Mbozi, upande huo huo wa Vwawa. Mtu wa pwani akishuka mwezi wa Juni hupokewa kwanza na baridi. Saa mbili asubuhi watu bado wamevaa makoti, wazee wameongeza na kofia za sufu, na jua linachelewa kama halikuambiwa. Nyumba ni za tofali za kuchoma, udongo mwekundu unapanda mpaka nusu ya ukuta, na nyuma ya kila nyumba kuna mibuni yenye matunda mekundu, migomba michache, mparachichi mmoja mkubwa. Mahindi yamekaukia shambani yakisubiri wenyewe wamalize kuchuma kahawa.

Kahawa ndiyo iliyonipeleka. Lakini mwenyeji wangu, mama wa makamo mwenye mibuni yake mwenyewe, alinitangazia siku ya pili kwamba mchana hatakuwepo, ana kikundi, na kama nataka niandamane naye basi niwahi, maana wakichelewa watanitoza na mimi.

Kikao kilikuwa uani kwa mwanachama mmoja. Kinachofuata kingekuwa kwa mwingine. Mabenchi yalikuwa ya kuazima kanisani. Wamekaa duara, wanawake wengi na wanaume wachache, kila mmoja na namba yake, na pesa inapohusika hakuna anayeitwa kwa jina. "Namba kumi na moja!" Namba kumi na moja anasimama, anafungua fundo la kitenge kiunoni, anahesabu noti mbele ya wote, anazitaja kwa sauti, anagongewa mihuri ya hisa kwenye kitabu chake, anakaa. Katikati ya duara kuna sanduku la chuma lenye makufuli matatu. Sanduku hulala kwa mtu mmoja, funguo hulala kwa watatu wengine, wa nyumba tofauti. Kabla halijafunguliwa, katibu hamuulizi mhazini salio. Anamnyooshea kidole yeyote tu: kikao kilichopita mfuko wa jamii ulibaki na shilingi ngapi? Asiyekumbuka analipa faini. Bibi mmoja aliyekuwa akichambua maharage kwenye ungo, na ambaye baadaye aliniambia kusoma hajui, alilitaja salio mpaka shilingi mia ya mwisho bila kuinua macho.

Hizo faini zilinifanya nitabasamu, kwa sababu nilizifahamu kutoka mahali pengine kabisa. Dar es Salaam nimekaa mara kadhaa, nikiwa mgeni wa rafiki, kwenye chakula cha mchana cha klabu moja ya Rotary. Ukumbi wa hoteli, kiyoyozi, vitambaa vyeupe mezani. Rais wa klabu anagonga kengele ya shaba, wageni wanatambulishwa na nchi zao, kisha mwanachama aliyepewa kazi ya unadhimu anazunguka kutoza faini: huyu amechelewa, huyu ameonekana gazetini, huyu amenunua gari na hakuwaambia wenzake. Watu hulipa wakicheka. Wapo wanaolipa bila kutozwa, ili wapate nafasi ya kusimama na kusema binti yao amemaliza chuo. Hasamba faini ya shilingi mia tano haina kichekesho chochote. Inabishaniwa mpaka mwisho: saa ya katibu inakimbia, ng'ombe aligoma kukamuliwa, mwaka jana fulani alichelewa vile vile akasamehewa. Simu ikilia, faini. Ukisema kabla ya kupewa nafasi, faini. Mzee mmoja alitozwa kwa kupinga faini ya mwenzake bila kunyoosha mkono.

Hata hivyo, ukiwaondolea watu wa Rotary hoteli yao, walianzia karibu na hapa. Tarehe 23 Februari 1905, mjini Chicago, wakili Paul Harris alikaa chumbani na watu watatu: muuza makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na fundi cherehani. Harris alikuwa amekulia katika mji mdogo, na jiji kubwa lilimtia upweke. Wakakubaliana wakutane kwa zamu, leo ofisini kwa huyu, mara nyingine kwa yule. Kutafutiana wateja kulikuwa sehemu ya makubaliano na hawakuona haya. Kuwasaidia wasio wanachama kulifuata baadaye, na kazi yao ya kwanza kubwa kwa ajili ya mji ilikuwa kuhangaikia vyoo vya umma. Nairobi ilipata klabu yake mwaka 1930, Dar es Salaam mwaka 1949. Sanduku la makufuli matatu nalo lina safari yake. Utaratibu huu uliwekwa na shirika la CARE pamoja na wanawake wa Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, ukafika Zanzibar na bara miaka kama kumi baadaye, na leo ni nadra kumpata Mtanzania asiyejua VICOBA, kama vikundi hivi vinavyoitwa, ni nini. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vikundi vya namna hii hutakiwa kusajiliwa. Mama Mwenyekiti alinionyesha cheti, kimefungwa kwenye nailoni mbili dhidi ya mvua na mchwa.

Hisa ni mali ya aliyeziweka. Mwisho wa mzunguko sanduku "linavunjwa" na kila mtu anaondoka na chake na faida yake. Mfuko wa jamii ni kitu kingine. Huo hauna mwenyewe. Unatoka kwa msiba, kwa mgonjwa aliyelazwa, kwa nyumba iliyoungua. Na unapotoka hautoki peke yake. Siku hiyo walijadili mwenzao aliyefiwa na shemeji: pesa zilipitishwa kwa dakika chache, na muda mrefu ukaenda kwenye kugawana kazi. Nani anapeleka kuni, nani anachota maji, nani analala msibani usiku wa kwanza, na nani atamchumia kahawa yake isidondoke wakati yeye yuko matangani. Klabu za kwetu zinajua sana kutoa hundi. Sijawahi kuona ajenda yenye kuni.

Vile vyoo vya Chicago nilivikumbuka Jumamosi, shuleni. Shule ilihitaji matundu ya choo, na kikundi kilikuwa na zamu yake pamoja na watu wengine wa kitongoji. Wenyewe huita nguvu za wananchi. Kwa kawaida wananchi huinua boma mpaka kwenye renta, halmashauri inamalizia kwa kupaua na kuezeka, na ukisafiri Tanzania utayaona maboma mengi yanayosubiri hiyo nusu ya pili, nyasi zikiota madirishani. Watu walifika na tofali vichwani, na ndoo, na majembe. Asiyeweza alimtuma kijana wake. Kwetu siku ya kujitolea ina fulana mpya zenye nembo, bango, maji ya chupa na picha ya pamoja kabla jua halijakuwa kali. Hapa aliyepiga picha ni mtendaji peke yake, za kuwatumia wakubwa wake kwenye kundi la WhatsApp, na alipotaka watu wajipange walimwambia asubiri zege lisikauke.

Nilimuuliza katibu kama kazi ile ni ya lazima. Alinitazama kwa uangalifu, maana swali lina historia. Waraka wa elimu bila malipo wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima shuleni kuanzia Januari 2016, na mwaka 2018 Rais Magufuli alirudia kuikemea kwa ukali. "Ni hiari, dada," akasema. "Ila majina ya waliofika yanasomwa."

Yalisomwa kweli, jioni, kwa mpangilio wa nyumba kuanzia barabarani kushuka bondeni. Kwetu pia majina ya wachangiaji husomwa, lakini kwa mpangilio wa pesa: mdhamini wa dhahabu, wa fedha, wa shaba. Aliyetoa kidogo hatajwi na wala hajulikani kama alikuwepo. Katika orodha ya Hasamba nyumba iliyorukwa inajulikana na kila mtu, na watoto waliokuwa wakicheza karibu walisita kidogo ilipofikiwa. Sidhani kama ningependa kuishi chini ya orodha ile mwaka mzima. Lakini matundu yalikuwa yamefika usawa wa kifua.

Jumapili baada ya ibada kulikuwa na mnada, na hapo pwani na nyanda za juu zilikaribiana kidogo. Dar es Salaam tumewahi kuwa na mbio za mbuzi za hisani: makampuni yalidhamini mbuzi, mabibi walivaa kofia pana, mbuzi waligoma kukimbia, na vituo vya watoto vilipata fedha. Hasamba mbuzi hakimbizwi. Aliletwa jogoo mwekundu, akanunuliwa na mwalimu, mwalimu akamrudisha mezani "kwa ajili ya kazi ya Bwana", akanunuliwa tena na mwenye duka, naye akamrudisha. Jogoo yule aliuzwa mara nyingi kuliko nilivyoweza kufuatilia, huku mnadi akimsifu upya kila mara kana kwamba ndiyo kwanza ametoka bandani. Boga langu lilinigharimu bei ambayo Kariakoo ningenunua kapu zima la mboga, na nilipoondoka nalo bila kulirudisha niliona nyuso kadhaa zikinisamehe.

Kitu kimoja tu sikukiona katika duara lile, nacho ni mtu asiyejulikana. Kila pesa iliyotoka ilikwenda kwa mtu mwenye namba, au ndugu wa mwenye namba. Nilimuuliza mwenyeji wangu: utingo wa lori akiumwa hapa barabarani, ana kikundi gani? Akafikiri. "Huyo atapelekwa hospitali," akasema, na baadaye kidogo, "sijui nani atampelekea uji."

Klabu ya mbali ndiyo iliyojifunza kumwona asiyejulikana. Rotary ilianza kampeni yake ya polio duniani mwaka 1985. Februari 2022 Malawi ilipotangaza mtoto aliyepatwa na polio Lilongwe, Tanzania ilianza kuchanja mwezi Machi katika mikoa minne ya jirani: Songwe, Mbeya, Njombe na Ruvuma. Septemba 2023 Songwe ilichanjwa tena, safari hiyo baada ya kirusi kugunduliwa Rukwa. Wachanjaji walipita nyumba kwa nyumba, wakitia matone kinywani na wino kwenye kidole. Walioweka fedha zao kwenye vita hii, faini za wacheshi wa hotelini zikiwemo, hawakujua jina la mtoto hata mmoja wa Mbozi. Nilimweleza hayo Mama Mwenyekiti kwenye kikao kilichofuata, naye alikumbuka wino na alama za chaki mlangoni. Hakujua kwamba kuna mtu alitozwa kwa kununua gari. Alilifurahia hilo sana, akawaita wenzake nilirudie.

Kisha nao wakawa na maswali. Hao wa klabu yenu wanakopeshana? Hapana. Wanavunja lini? Hawavunji. Hapo walinong'onezana kidogo. Bibi wa maharage akauliza lililobaki.

"Sasa mwanangu, akifa mwenzenu mmoja, nani anachimba?"

Nikasema tunakodi watu. Zipo kampuni, zinaleta gari, jeneza, mahema, hata wachimbaji.

"Wanamjua marehemu?"

"Hapana, bibi."

Alitikisa kichwa polepole, wala hakuonyesha kushangaa. Namba saba akanyoosha mkono, akapewa nafasi, akakumbusha kwamba ya mgeni ni mengineyo na mengineyo yako mwisho wa ajenda, na suala la nani analeta mchanga wa plasta Jumamosi bado halijapata jibu.