Macho Huja Mwisho

Mwaka 2001, nilipoanza kumpulizia Mzee moto hapa mtaa wa Pipeline, Nairobi, kibanda chetu cha uhunzi kilikuwa mabati manne tu, na fuawe letu kipande cha reli. Mvukuto ulikuwa feni inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli. Wenye ploti walikuwa wakijenga, na waliojiweza walitaka geti lenye simba wawili wanaotazamana, kama wale wa Nembo ya Taifa.

Simba wa Mzee hakuungwa vipande. Alitoka ndani ya chuma kimoja. Kikishika rangi ya chungwa, Mzee aliifua ncha mpaka ikawa pua, akabana shingo, kisha kwa tindo akainua masikio na kuchora manyoya. Rangi ikififia, alikirudisha motoni, kwani ukipiga chuma kilichopoa sikio hupasuka. Nacho kikikawia motoni hutoa cheche, na chuma kilichotoa cheche kimeungua.

"Macho huja mwisho, kijana wangu," aliniambia. Nyundo ikipita baada ya macho, huyafumba.

Jicho la kwanza aliloniachia nipige lilizama kuliko mwenzake. Mzee alikigeuzageuza kichwa kwenye koleo, akaliacha jicho vivyo hivyo. Siku nzima ilitupa vichwa viwili, na kila simba alikuwa na uso wake.

Kisha ghorofa zikapanda, nne, sita, nane, zikakaribiana hadi jua likakosa pa kupita. Moshi wetu uliingia kwenye vyumba vya watu na kushika nguo za watoto kambani. Walipolalamika, walikuwa na haki. Mzee akauzima moto, akanunua grainda na mashine ya kuchomelea, ambazo zinaenea chumba kimoja. Vichwa vya simba tukavinunua dukani, vimetoka kiwandani vyote kwa kalibu moja. Nilikichomelea kimoja kwa dakika chache, na mwenye ploti akafurahia bei.

Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu, baada ya wezi kuharibu miundombinu ya umeme na reli. Zamani tungelia, maana tindo zetu tulizifua kwa springi za matatu kutoka kwa wauza vyuma wa Mukuru kwa Njenga. Safari hii sikupungukiwa na kitu, na hilo ndilo lililoniuma.

Mwaka jana, Mzee akiwa ameshatangulia mbele ya haki, mlinzi wa ghorofa moja aliniita nitengeneze bawaba. Nikawakuta simba wetu getini, wamepakwa rangi mara nyingi hadi nyuso zimekuwa laini. Nilipomaliza kazi nilichukua msumari, nikamkwangua mmoja polepole. Jicho la kulia lilitokea kwanza. La kushoto lilichukua muda, maana rangi ilijaa kwa kina. Lilikuwa langu.