Ng'ombe wa Nyamgondho walikuwa wa nani?

Wako watu ambao wakishika gazeti la Jumapili hawaanzi na siasa. Hutafuta kwanza vituko: bwana harusi aliyetoroka, mbuzi aliyekula fedha za chama, nyoka aliyeingia ibadani. Mimi ni mmoja wao. Nikiulizwa sababu, husema kwamba nilizaliwa mahali ambapo vituko vilikuwako kabla ya magazeti.

Kwetu ni Muhuru Bay, Migori. Mke wangu ni wa Mbita, Homa Bay. Zamani sote tulikuwa wilaya moja ya Nyanza Kusini, lakini tangu tugawanywe, nyumba yetu ya Nairobi haina amani. Kila mmoja husifia kwao. Desemba moja tulipokuwa tukisafiri kwenda nyumbani, binti yetu, aliyekuwa kidato cha pili, alichoshwa na majivuno hayo. Akatoa daftari akasema, "Baba, Mama, leo mtapewa alama."

Nikaanza na Migingo. Kisiwa hicho hakifiki hata eka moja, tena ni mwamba mtupu, lakini kimejaa vibanda vya mabati kama gamba la kobe. Mwaka 2009 Kenya na Uganda zilitoleana macho kwa sababu yake na ya mbuta wanaovuliwa kando yake. Rais Museveni akasema kisiwa ni cha Kenya ila maji ni ya Uganda! Abiria wote wa matatu wakacheka. Alama moja, Migori.

Mama mtu naye hakukubali kushindwa. Akataja mbuga ya Ruma, yenye swala wakubwa waitwao korongo, ambao hapa Kenya hawaishi porini kwingine. Kwa miaka mingi mbung'o waliwatisha watu wasilime bonde la Lambwe, na wanyama wakapata nafasi. Alama moja, Homa Bay.

Nikajibu kwa Thimlich Ohinga, ngome ya mawe iliyojengwa karne nyingi zilizopita bila saruji wala udongo wa kushikanisha, na bado imesimama. Mwaka 2018 UNESCO iliiweka katika orodha ya turathi za dunia. Yeye akanipeleka kisiwani Rusinga, alikozikwa Tom Mboya, na ambako Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul mwaka 1948, kiumbe aliyeishi miaka milioni 18 hivi iliyopita. Nikatafuta msaada katika muziki: D. O. Misiani, aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka wetu, upande wa Tanzania, na akawa mfalme wa benga Kenya hadi alipofariki mwaka 2006. Binti akatikisa kichwa. "Huyo tumgawane na Tanzania. Nusu alama."

Mke wangu akamaliza kwa kumtaja Gor Mahia, mganga wa Kanyamwa ambaye wazee husema aliweza kujigeuza umbo lolote alilotaka. Ndiye aliyeipa jina klabu iliyoundwa mwaka 1968, iliyotwaa Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987. Matatu nzima ikapiga makofi, nami nikaona nimekwisha.

Tulifika Muhuru na daftari likiwa wazi, lakini tulikuta mambo si ya kuchekesha.

Ami yangu na mkewe walikuwa wamekosana. Mama mdogo huyo ni mfanyabiashara wa omena. Wavuvi huwavua usiku kwa mwanga wa taa, kwa hiyo alfajiri yeye huwa ufuoni na beseni lake. Tangu mwanzo aliapa kununua kwa fedha yake, siyo kwa ule mtindo wa jaboya, ambapo mvuvi hudai mapenzi kabla ya kumuuzia mama samaki. Mara nyingi alirudi na beseni tupu. Lakini alivumilia, akaingia chama, akaweka akiba, na baada ya miaka kulikuwa na paa jipya la bati na ng'ombe watano zizini.

Ami aliuza mmoja bila kumwambia. Alipoulizwa, alikuwa ametoka kulewa. Akasema mbele ya watoto kwamba ng'ombe aliye katika boma lake ni wake, na asiyeridhika arudi kwao. Mama mdogo hakujibu. Tulipofika, nguo zake zilikuwa tayari ndani ya mfuko wa sisali.

Jioni hiyo nyanya, mama yangu mzazi, hakumkemea mtu. Aliwaita wajukuu nje ya jiko, mahali ambapo ami angesikia kila neno, akaanza kusimulia.

Palikuwa na mvuvi maskini huko Gwassi, Nyamgondho mwana wa Ombare. Siku moja wavu wake ulinasa bibi kizee mwenye jicho moja. Alitaka kumrudisha majini, lakini yule bibi akamsihi amchukue nyumbani. Akamchukua. Kulipopambazuka boma lilikuwa limejaa ng'ombe, mbuzi na kuku. Nyamgondho akawa tajiri, akaoa wake wengine, akazoea pombe. Usiku mmoja alirudi amelewa akakuta lango limefungwa. Akapaza sauti, akamtukana yule bibi kuwa ni takataka aliyoiokota ziwani. Bibi hakugombana naye. Aliinuka akaelekea ziwani, na ng'ombe wakamfuata, mbuzi wakamfuata, hata kuku. Wote wakazama. Nyamgondho akabaki ufuoni ameegemea fimbo yake, akitazama, mpaka akageuka mti. Mpaka leo huko Nyandiwa huonyeshwa alama miambani, ikisemwa ni nyayo za mifugo hiyo.

Hapo ndipo binti yangu alipouliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua alama aweke wapi: "Nyanya, wale ng'ombe walikuwa wa nani?"

Nyanya akasema, "Muulize babu yako mdogo. Yeye ndiye mwenye boma."

Ami hakusema kitu. Kuku mmoja alipita, na nadhani sote tulimtazama kuona anaelekea wapi.

Sitakudanganya, mpenzi msomaji, kwamba ami alipiga magoti akaomba radhi. Wanaume wa kwetu hawajui kupiga magoti. Lakini alfajiri nilipotoka nilimwona akishuka ufuoni nyuma ya mkewe, beseni liko mkononi mwake, wala hakujali wavuvi waliokuwa wakimcheka. Ule mfuko wa sisali ulirudi ndani. Fedha za ng'ombe aliyeuzwa zililipwa kidogo kidogo, na mama mdogo aliziandika moja moja.

Tangu siku hiyo nimezitazama upya hekaya za ziwa letu. Kule Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay, husimuliwa kwamba kijiji kizima kilididimia kwa sababu watu waliokuwa kwenye pombe na ngoma walimfukuza ajuza aliyeomba hifadhi. Hapo tena ni mwanamke mzee ambaye hakuna aliyemhesabu, na tena ni pombe. Wazee wetu hawakuwa na ukurasa wa ushauri wa ndoa, lakini ushauri walikuwa nao, nao waliuficha ndani ya vituko ili mlevi ausikie bila kuona kwamba anasemwa yeye.

Kuhusu mashindano, Homa Bay ilishinda kwa alama moja na nusu, na mke wangu angali ananikumbusha. Nawe msomaji, jioni ya leo ukiwa sebuleni, tazama kiti, meza na redio, halafu ujiulize swali la binti yangu. Ukipata jibu, usilipaze ukiwa umelewa na mlango umefungwa.