Jirani wa Orofa 20 Abishe Hodi Kwanza

Msomaji mpendwa, mgeni mwungwana hubisha hodi. Hata akiwa ndugu yako wa toka nitoke, hasukumi mlango na kujitupa kitini. Husimama nje, akaita, akangoja kuitikiwa. Sasa niambie: mgeni ajaye na orofa 20, magari tele na mamia ya watu nyuma yake, je, aruhusiwe kuingia mtaani kimyakimya?

Swali hili limetugawa sisi wakazi wa barabara moja ndogo mtaani Kileleshwa, Nairobi. Palikuwa na nyumba ya zamani hapo, ya vigae vyekundu, katika ploti ya nusu eka. Mwenyewe aliiuza. Ploti ikazungushiwa mabati, na baada ya siku chache bango likatundikwa kutangaza kwamba pamependekezwa jumba la fleti za kuuza, orofa 20. Maandishi yake yalikuwa madogo, nalo liliwekwa nyuma ya mti wa jakaranda. Aliyeligundua ni mama anayetuuzia mboga, alipokuwa akitafuta kivuli.

Basi tukaitana Jumamosi alasiri katika ukumbi wa kanisa. Wa kwanza kusimama alikuwa mama mmoja, mwalimu mstaafu.

"Nimeishi hapa tangu mwaka 1978," alisema. "Watoto wangu walijifunzia baiskeli barabarani. Sasa nikianika nguo, watu wa orofa ya 15 watazihesabu. Na jua langu la asubuhi nitalipata wapi?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Kijana mmoja aliyeletwa na rafiki yake akaomba nafasi. "Mama, kwa heshima zako, mimi huamka saa kumi alfajiri kule Rongai ndipo nifike kazini Westlands saa moja unusu. Nyinyi mna miti, sisi tuna foleni ya magari. Nyumba nyingi zikijengwa hapa, huenda nami nikapata pa kuishi, niende kazini kwa miguu."

"Mwanangu," mwalimu akamwuliza bila ukali, "umeuliza bei?"

Mwakilishi wa mwenye mradi, aliyekuja na picha nzuri za rangi, akaitaja bei ya fleti ya vyumba viwili vya kulala. Kijana aliketi.

Naye mama mboga, alipoulizwa maoni, alisema kwamba wateja wataongezeka, lakini anajua kibanda chake ndicho kitakachoondolewa kwanza ili malori ya mchanga yapite.

Msomaji, labda wangoja nikwambie nilikuwa upande gani. Mimi ni mpangaji katika orofa ya tatu ya jengo la orofa 4. Ninapolaza kichwa palikuwa ua wa mtu, tena wenye miti. Nikisema leo kwamba mlango ufungwe, wengine wasiingie, nitakuwa kama abiria aliyekwisha kupanda matatu kisha akamhimiza dereva aondoe gari.

Isitoshe, ploti hizi kubwa zina historia yake. Wakati wa ukoloni, mitaa ya magharibi na kaskazini mwa Nairobi ilitengewa Wazungu. Mwafrika alipangiwa Pumwani na mitaa mingine ya mashariki, na alipofika huku alikuja kama mpishi au mtunza bustani. Ua mpana haukuwa neema iliyoshuka tu kutoka mbinguni. Uligawanywa, na wengi walinyimwa.

Halafu kuna hesabu ya watu. Sensa ya mwaka 1969 ilipata wakazi 509,286 jijini. Ile ya 2019 ilipata 4,397,073. Ndani ya miaka 50 tumeongezeka zaidi ya mara 8. Watu hawa watalala wapi? Tukikataa kujenga kwenda juu, jiji litazidi kutambaa kwenda kando, limeze mashamba ya kahawa na mboga ya Kiambu, na akina kijana wa Rongai wazidi kuamka usiku. Kwa hiyo orofa zenyewe sizichukii.

Lakini hebu tupige hesabu nyingine, ya sukari na chumvi. Katika nyumba ile ya vigae waliishi watu 6. Jumba la orofa 20 lenye fleti 8 kila orofa ni nyumba 160. Weka watu wanne kila nyumba, unapata 640. Kila mmoja akitumia lita 50 tu kwa siku, yaani mitungi miwili na nusu ya lita 20, hizo ni lita 32,000 kila siku kutoka ploti moja. Na yote hayo, yakishatumika, sharti yatokee mahali fulani.

Maji mengi ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini katika kaunti ya Murang'a, lililokamilika mwaka 1994. Mgao wa maji ulianza jijini Januari 2017. Kwetu mfereji huleta maji siku mbili kwa wiki, na siku nyingine tunanunua ya lori. Bomba la maji taka chini ya barabara yetu liliwekwa kwa ajili ya familia chache zenye bustani. Mvua ya Aprili ikinyesha, kifuniko chake huinuka chenyewe, na watoto huruka madimbwi yasiyofaa kutajwa mezani siku ya Jumapili.

Nilimwuliza mwakilishi yule: mtachimba kisima? Akasema ndiyo. Na maji taka? Akasema wataunganisha na bomba lililopo. Bomba lililopo! Nikamwuliza ni nani aliyelipima. Akaniahidi jibu kwa maandishi.

Waama, hapo ndipo penye kiini cha mambo. Mwongozo wa ujenzi wa Baraza la Jiji wa mwaka 2004 uliruhusu fleti za orofa 4 katika mitaa kama Kileleshwa na Kilimani, na kwa sharti kwamba kuna bomba la maji taka. Leo majumba yanayozidi kiwango hicho kwa mbali yamesimama kila upande. Huenda kiwango cha orofa 4 kilikuwa kidogo mno kwa jiji linalokua hivi. Ikiwa ndivyo, basi bomba, barabara na shule zikue pamoja na majumba. Kuongeza orofa bila kuongeza bomba ni sawa na kualika wageni 100 kwa sufuria ya watu 10.

Mzee mmoja mkutanoni alimtaja marehemu Profesa Wangari Maathai. Alikumbusha kwamba mwaka 1989 serikali ilitaka kujenga jumba la orofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, naye Maathai akaandika barua baada ya barua kupinga, akatukanwa hata bungeni, lakini mwishowe mradi ukaachwa. Mwaka 2004 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Watu walipiga makofi.

Nami nilipiga, lakini nikawaza. Uhuru Park ilikuwa ya kila mtu, hata ya tarishi asiye na nauli aliyejinyoosha pale saa ya chakula cha mchana. Ua wa Kileleshwa umo nyuma ya lango, na bawabu amesimama nje. Hatuwezi kuvaa joho la Maathai kwa ajili ya kivuli chetu wenyewe. Tunaloweza kuiga kwake ni ule ujasiri wa kuuliza maswali kwa barua, na kungoja majibu bila kuchoka.

Sheria inatupa nafasi hiyo. Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya. Sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019 inamtaka anayeomba kujenga autangazie umma, na umma uruhusiwe kutoa pingamizi. Mamlaka ya mazingira, NEMA, hupokea maoni kabla ya kutoa leseni ya mradi. Ikitoa leseni usiyoridhika nayo, lipo jopo la kitaifa la kuamua kesi za mazingira, na rufaa hupelekwa katika siku 60. Ukilala mpaka msingi uchimbwe, utakuwa unapiga kelele na tingatinga.

Hata wewe unayepanga kununua fleti kama hiyo una la kuuliza. Sheria ya mwaka 2020 inakupa hati yako mwenyewe ya fleti, na ngazi, lifti na ua mnavimiliki pamoja. Bomba likifurika baada ya mwenye mradi kuondoka, bili ni yenu.

Mkutano wetu uliandika barua yenye maswali matano: maji, maji taka, maegesho ya magari, njia ya gari la zimamoto, na mahali pa kibanda cha mama mboga. Mwalimu alitia sahihi. Kijana wa Rongai naye akaomba kalamu, ingawa si mkazi, akasema kwamba hata akipata chumba hapa angependa choo chake kifanye kazi. Majibu bado hatujayapata.

Nanyi wanafunzi, nina ombi. Mkipita penye mabati mapya, someni bango. Aghalabu huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Mfasirieni bawabu, mfasirieni nyanya nyumbani, na mwangalie tarehe ya mwisho ya kutoa maoni. Kisha mwambieni mtu mzima aandike barua kabla tarehe hiyo haijapita.