Makaburi ya Taveta

Wasomaji wengi huujua mji wa Taveta kwa ndizi na vitunguu, maana siku za soko, Jumatano na Jumamosi, wachuuzi hufika huko kutoka pande zote mbili za mpaka. Mimi nilikwenda kwa shauri jingine. Baba wa babu yangu alichukuliwa kuwa mpagazi katika Vita Kuu ya Kwanza, naye hakurudi. Kwetu lilijulikana jambo moja tu, kwamba alipelekwa kwa njia ya Voi.

Njia hiyo ni ya kilomita 110 hivi. Basi hupita Maktau, ambako Waingereza walipiga kambi kubwa mwaka 1915, na reli ifuatanayo na barabara ilijengwa ili kuchukua majeshi na vyakula vyao. Mbele kidogo ni Mbuyuni, kisha Salaita.

Ukikiona kilima cha Salaita hutatishika. Ni kidogo, kimezungukwa na vichaka vya miiba. Wajerumani, waliokuwa wameutwaa mji wa Taveta Agosti 1914, walikifanya ngome. Tarehe 12 Februari 1916 mizinga ya Waingereza ilikipiga kilele, kumbe mahandaki yalikuwa chini, yamefichwa vichakani. Askari weupe wa Afrika Kusini, wageni wa vita vya porini, wakapigwa kwa bombomu, kisha wakashambuliwa na askari Waafrika wa Wajerumani, wakarudi nyuma ovyo. Wabaluchi wa jeshi la Bara Hindi ndio waliowazuia adui. Waafrika Kusini zaidi ya 130 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Mwezi uliofuata Jenerali Smuts alizunguka upande wa kaskazini, Wajerumani wakakiacha kilima, na usiku wa tarehe 11 Machi vita vikali vikapiganwa katika vilima vya Latema na Reata, ng'ambo ya mji.

Baadhi ya waliokufa siku hizo wamelala katika makaburi ya vita pale Taveta. Mahali ni safi, mistari imenyoka, na mtu aliyetoka mbali aweza kumwona ndugu yake kwa jina. Nilisoma jiwe moja moja. Jina nililolitafuta sikuliona.

Wala si ajabu. Baada ya vita wakubwa waliamua kwamba Waafrika, askari na wapagazi, wasiandikiwe majina yao mmoja mmoja, bali wawekewe sanamu Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, ikaomba radhi.

Husemwa kwamba majina hayakuhifadhiwa. Karani yeyote atashangaa, kwa maana wapagazi walipewa namba na kuandikwa katika orodha za mshahara. Na mitaa ya Kariokor na Kariakoo hata leo yaitwa kwa jina la kikosi chao. Wengi hawakuuawa na risasi, bali na tumbo la kuhara damu, homa na njaa, wakazikwa kando ya njia.

Nilirudi sokoni jioni, nikanunua mkungu wa ndizi, nikapanda basi la Voi. Tulipopita Salaita jua lilikuwa limekwisha kuchwa.