Nimeshushwa na Bando

Mwezi huu, kwenye chesi ya mtandaoni, nimeshuka kutoka pointi 1600 hadi 1480. Hesabu yenyewe naikubali. Aliiasisi Arpad Elo, mwanafizikia wa Marekani mzaliwa wa Hungaria: ukimzidi mpinzani pointi 200, unatarajiwa kuvuna kama asilimia 76, kwa hiyo akikufunga unakatwa nyingi. Haki kabisa.

Ila bando likiisha katikati ya mchezo, saa yako haisimami. Unahesabiwa umefungwa, hata kama ulishamla malkia wake.

Kijiweni kwetu Temeke, kwenye drafti, aliyefungwa ananyanyuka kumpisha mwingine. Lakini umeme ukikatika, wazee wanawasha tochi za simu, vizibo vinabaki vilipo, na mtu anamalizia kufungwa kwake.